Mzawa wa Mwisho wa Kidelelo

Nchi ninayotaka kuieleza ipo mbali sana na kwako, msomaji, kwa hiyo usihangaike kuitafuta kwenye ramani wala kuchungulia dirishani. Jina lake nililiandika kwenye kikaratasi, na kikaratasi chenyewe kikafuliwa pamoja na suruali. Ninachokumbuka ni kwamba ilikuwa na serikali makini yenye wizara thelathini na nne, na kila wizara iliwapenda wananchi kwa zamu yake.

Wizara changa kuliko zote iliitwa Wizara ya Mvuto. Ilipotangazwa, walimu watatu wa fizikia waliandika barua za kuomba kazi, wakajibiwa kwa upole kwamba mvuto unaohusika ni ule wa kuvuta wawekezaji. Waziri wake, Mheshimiwa Hilarioni Bupamba, alikuwa mtu wa sauti nene na nia njema. Katika mwezi wake wa kwanza alizindua Sera ya Karibu Sana, iliyokusudiwa kuinua uchumi wa mikoa iliyo nyuma. Mkoa ulio nyuma kuliko yote uliitwa Pembezoni, basi sera ikaanzia huko.

Sera yenyewe ilikuwa rahisi. Mwekezaji yeyote atakayekuja Pembezoni kutoka nje ya nchi atapewa kiwanja, atasamehewa kodi kwa miaka kumi, atavutiwa umeme kabla ya jirani zake, barabara itachongwa hadi mlangoni pake, na ombi lake lolote halali litajibiwa ndani ya siku saba. Mwananchi naye hakusahauliwa. Ukurasa wa arobaini na moja ulisema kwamba mwananchi atanufaika kwa kuwa karibu.

*

Kidelelo ni mji mdogo wa Pembezoni, uliokaa mpakani kabisa, kiasi kwamba ukirusha ganda la ndizi kwa nguvu linaangukia nchi ya jirani. Mpaka wenyewe ni kijito chenye mawe mawili ya kukanyagia. Hapo aliishi fundi mmoja aliyeitwa Yoramu Mwalyego, mwenye karakana ya kukamua mafuta ya alizeti. Mashine aliiunda mwenyewe kwa miaka miwili, kutokana na giaboksi ya lori lililokufa na mabomba ya kisima kisichotoa maji. Ilipiga kelele kama watu wawili wanaobishana, lakini mafuta yake yalikuwa safi, na mashudu yake yalinenepesha ng'ombe wa kata tatu. Watu kumi na mmoja waliajiriwa hapo.

Siku moja Yoramu akaletewa barua. Ilimtaka aondoe shughuli zake kwenye kiwanja hicho ndani ya siku sitini, ili kupisha maendeleo.

Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda nayo Ofisi ya Mvuto ya mkoa. Afisa aliyemkuta alikuwa Ambokile Kasyupa, waliyesoma naye darasa moja tangu la kwanza hadi la saba, dawati moja. Ambokile alipomwona akaanza kupanga upya karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Kiwanja kimetengwa kwa ajili ya mwekezaji," alisema.

"Mwekezaji gani?"

"Bado hajapatikana."

"Anakuja kufanya nini?"

Ambokile alifungua jalada. "Kukamua alizeti."

"Mimi nakamua alizeti pale mwaka wa kumi na tatu huu."

"Najua. Hata nyumbani tunapikia mafuta yako."

"Sasa?"

"Sasa, Yoramu, mwekezaji ni mtu anayekuja. Wewe huji. Wewe upo tu."

Yoramu aliuliza kama hakuna utaratibu kwa mtu aliye tu. Ambokile, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwonyesha Fomu ya Mwekezaji wa Ndani. Ilikuwa na kurasa ishirini na mbili, na ilipaswa kuwasilishwa kwenye dirisha namba nane. Ofisi ilikuwa na madirisha saba. La nane lilikuwa kwenye bajeti.

*

Jioni hiyo Yoramu alikaa jikoni bila kula. Mkewe, Tumpale, mwalimu wa shule ya msingi ya Kidelelo, alisoma barua yote, akamtaka mumewe arudie maneno ya Ambokile kuhusu "anayekuja" na "aliye tu", kisha akafikiri kidogo kama anavyofikiri anaposahihisha insha.

"Kama shida ni kuja," alisema, "basi nenda, halafu uje."

"Nitoke wapi?"

"Ng'ambo ya kijito. Pale si nje ya nchi?"

Katika nyumba hiyo alikuwemo pia Shangazi Sekela, dada wa marehemu baba yake Yoramu, mjane wa miaka sabini na tisa. Ndiye aliyemlea Yoramu, na kila asubuhi alikwenda sokoni kuuza karanga za kukaanga. Alisikiliza mpango wote huku akipepeta karanga zake, hadi Yoramu alipomuuliza anaonaje.

"Naona unataka kuomba ruhusa ya kuingia kwenu," alisema. "Lakini wewe ndiye mwenye watu kumi na mmoja wanaokutegemea. Nenda. Mimi usiniandike."

Nchi ya jirani, kwa bahati nzuri, nayo ilikuwa na sera yake. Sensa yao ya mwisho iliwaaibisha kwa uchache wa watu, hivyo walikuwa wakitoa uraia kwa yeyote aliyeleta picha mbili na kuweza kutaja jina la rais wao. Wasioweza walisaidiwa. Yoramu alivuka asubuhi akiwa mwananchi, na kabla ya saa saba mchana alikuwa mgeni, Mkurugenzi Mtendaji wa Kampuni ya Kimataifa ya Mafuta ya Ng'ambo.

Kulikuwa na shida moja tu: mwekezaji alitakiwa aje na mtambo. Vijana wa karakana wakaifungua mashine, wakaivusha kwa mikokoteni vipande vipande, wakaipaka rangi ya kijani juu ya kutu, na ikalala ng'ambo siku mbili kama mgonjwa aliyepelekwa kutibiwa. Siku ya tatu ilirudi kwa kuzungukia darajani, juu ya lori, ikisindikizwa na pikipiki mbili za polisi. Watu waliitambua kwa sauti ilipojaribiwa, lakini hakuna aliyesema neno. Magazeti yaliandika kwamba mtambo wa kisasa umewasili.

*

Mheshimiwa Bupamba alikuja mwenyewe kumpokea mwekezaji wa kwanza wa Pembezoni. Jukwaa lilijengwa katikati ya kiwanja, vitambaa vikafungwa, na mji mzima ukahudhuria. Yoramu alivaa koti zito la sufu na miwani myeusi, akatokwa jasho jingi. Waziri aliliona jasho hilo, akamnong'oneza msaidizi wake kwamba maskini, hali ya hewa ya huku bado hajaizoea.

"Tumemtoa mbali mgeni wetu," waziri aliwaambia watu. "Ameacha raha za kwao akaja kutushika mkono. Nawaomba msimsumbue. Mkimwona njiani mpisheni. Mjifunze kwake kufanya kazi, maana sisi, tuseme ukweli, ni wavivu."

Watu wa Kidelelo, ambao walikuwa wameacha palizi ili waje kumsikiliza, walipiga makofi.

Kisha mgeni akaombwa aseme machache kwa lugha yake ya kigeni. Yoramu akasimama, akazungumza kilugha cha nyumbani, ambacho mji mzima unakijua tangu kunyonya, lakini waziri, mtu wa mjini, alikuwa hajawahi kukisikia. Tumpale, aliyeteuliwa na mkoa kuwa mkalimani kwa sababu alikuwa mwalimu, akasimama kando yake.

Yoramu alisema kwamba kiwanja hiki ni chake kwa miaka kumi na tatu, na kwamba hakuona haya kuvaa koti hili kwa sababu aliyepaswa kuona haya amekaa kiti cha mbele.

"Mgeni anasema anayashukuru mapokezi haya," Tumpale alitafsiri, "na hajapata kuona viongozi wa aina hii."

Waziri akatabasamu. Yoramu akaendelea kwamba kuna jambo la haraka. Waliojenga jukwaa hawakumuuliza mtu, na wamelisimika juu ya shimo la choo cha zamani lililofunikwa kwa mbao, na mbao zenyewe si za kuaminika. Mtu amwombe huyu mzee asirukeruke.

Watu walishika midomo. "Mgeni anasema ameguswa sana na kina cha msingi wa uchumi wetu," Tumpale alitafsiri.

Waziri alifurahi mno. Kwaya ikaanza wimbo wa maendeleo, naye akainua mikono, akaukunja mguu mmoja tayari kucheza. Mji mzima ukaacha kupumua.

"Mgeni anaongeza," alisema Tumpale haraka, "kwamba kwao kiongozi mkubwa sana huonyesha furaha kwa kusimama tuli. Kama mlima."

Mheshimiwa Bupamba akashusha mguu polepole. Akasimama kama mlima kwa beti zote sita, na wengi walisema baadaye kwamba hawajawahi kumwona kiongozi mwenye heshima namna ile.

Wakati wa kutia saini, Ambokile alimpa Yoramu kalamu. Mikono yao iligusana kidogo. "Karibu nchini," Ambokile alisema kwa sauti ya chini, na macho yake yalikuwa na maji.

Wiki hiyo umeme ulivutwa, barabara ikachongwa, na taarifa ya mkoa ikaripoti ajira mpya kumi na moja. Walioajiriwa walikuwa walewale, kwenye mashine ileile. Tofauti ni kwamba zamani hawakuhesabiwa.

*

Usidhani watu wa Kidelelo walikuwa wapumbavu. Walimtazama Yoramu kwa miezi miwili, wakaona taa zake zinawaka na lori linafika mlangoni, wakaanza kupiga picha mbilimbili. Mama Atupele wa kibanda cha chai alivuka kijito Jumatatu na kurudi Jumanne akiwa Kampuni ya Kimataifa ya Vinywaji vya Moto. Seremala wa majeneza alirudi akiwa Makazi ya Kudumu Ulimwenguni. Kinyozi, fundi cherehani, wauza mkaa na mwenye banda la kuonyesha mpira wote walienda, wakaja. Kisha wakulima nao wakaanza kuvuka, kwa sababu kwenye bomba la maji palikuwa na foleni mbili, na ya wawekezaji ndiyo ilikuwa inasogea.

Mkoa ulipata kombe. Pembezoni, iliyokuwa ya mwisho kwa uwekezaji kutoka nje, ikawa ya kwanza, na wataalamu walitoka makao makuu kuja kuchunguza siri ya mafanikio. Walikaa siku nne kwenye nyumba ya wageni ya mwekezaji mmoja, wakala kwa mwekezaji mwingine, wakaandika kwamba siri ni uongozi bora.

Walioanza kupata tabu ni watoza ushuru. Walikuwa watatu, na kila waliyemkaribia sokoni alitoa cheti cha msamaha wa miaka kumi. Mwishoni akabaki mtu mmoja wa kutozwa, Shangazi Sekela na beseni lake la karanga. Wote watatu wakawa wanakaa mbele yake tangu asubuhi. Mmoja alipokea ushuru, wa pili aliandika stakabadhi, wa tatu alisimamia.

"Bibi, na wewe si uvuke tu?" Mama Atupele alimuuliza siku moja. "Ni mawe mawili."

"Nikivuka niseme natoka wapi?" Shangazi Sekela alijibu. "Nimezaliwa nyuma ya lile soko. Mume wangu amezikwa hapo kanisani. Na nikishasema uongo huo, kesho nikimwambia mtoto asiseme uongo nitamwambia kwa uso gani?"

Mama Atupele akanunua karanga na kwenda zake.

Shule ilifuata. Serikali ilipeleka walimu na chaki kwa hesabu ya watoto wazawa, na mtoto hufuata uraia wa baba. Darasa la Tumpale lilishuka kutoka watoto sitini na wawili hadi ishirini, hadi tisa. Kisha ikaja barua ya kumpongeza kwa kupunguza msongamano darasani na kumjulisha kwamba shule imefungwa. Watoto wa wawekezaji, ilisema barua, bila shaka husoma katika shule zao za kimataifa. Tumpale alirudi nyumbani na kengele ya shule mikononi, maana hakujua aiache wapi. Alikaa wiki tatu bila kazi. Wiki ya nne naye akapiga picha mbili.

Hivyo mwaka wa uchaguzi ulipofika, Kidelelo ilikuwa na mpiga kura mmoja. Wagombea wote watano walifanya mikutano yao ya hadhara mbele ya mlango wake, mmoja akiwa na bendi ya matarumbeta. Siku yenyewe maafisa sita walifungua kituo saa moja asubuhi, Shangazi Sekela akapiga kura saa moja na dakika nne, na matokeo yakachelewa siku tatu kwa sababu za uhakiki.

*

Jambo lililoubadilisha mji lilianzia kwa kijana aitwaye Gwakisa, mfanyakazi wa Yoramu tangu mwanzo. Mkanda wa mashine ulimnasa mkono na kumchana vidole viwili hadi mfupani. Yoramu alimbeba mgongoni hadi zahanati.

Muuguzi Leokadia, aliyehamishiwa Kidelelo kutoka mkoa mwingine, alifungua kabati. Ndani yake mlikuwa na boksi moja, dogo kama la viatu.

"Dawa zinaletwa kwa idadi ya wananchi," alieleza. "Hizi ni za robo mwaka, za mtu mmoja. Zimeandikwa jina."

Yoramu hakuhitaji kuuliza jina gani. Alimtuma mtu mbio sokoni. Shangazi Sekela akaja na watoza ushuru wake watatu nyuma, akamtazama Gwakisa aliyekuwa anauma kola ya shati.

"Bibi, unaruhusu atumie ganzi yako?" muuguzi aliuliza. Ilibidi aulize. Kulikuwa na fomu.

"Mpe."

"Na uzi wa kushonea? Na bandeji?"

"Mpe vyote. Mimi nitajichubua mwakani."

Gwakisa alipona, na vidole vyote vikabaki. Lakini wiki tano baadaye Shangazi Sekela mwenyewe alishikwa na malaria, homa kali ya kutetemesha kitanda, na boksi lilikuwa tupu. Yoramu na Tumpale walimvusha kijito kwa machela. Zahanati ya ng'ambo ilikuwa na dawa, ila wazawa walianza kwanza, na katika foleni ile ndefu mgeni alikuwa mmoja tu. Yoramu alitoa kitambulisho chake cha huko, akasema huyu ni shangazi yangu. Karani akaangalia majina na kumwuliza kwa heshima inakuwaje raia wao ana shangazi mgeni.

Shangazi Sekela alipata sindano saa kumi na moja jioni. Muda wote huo Yoramu alikuwa amekaa sakafuni ameshika mguu wa shangazi yake, ule mguu mkavu aliokuwa akiufuata shambani alipokuwa mtoto, na alijisikia vibaya kuliko siku aliyopokea barua. Umeme alikuwa nao. Barabara alikuwa nayo. Alijaribu kukumbuka alichokuwa akikitaka, akakumbuka kwamba alitaka aachwe tu afanye kazi yake.

*

Baada ya uchaguzi serikali ilibadili mawazo bila kubadili watu. Wizara ya Mvuto ikawa Wizara ya Uzawa, Mheshimiwa Bupamba akabaki kwenye kiti kilekile, na sauti yake nene sasa ikasema kwamba wageni wamezidi. Ikatangazwa Sera ya Mzawa Mbele. Kila kampuni ya kigeni ilipewa siku tisini kumpata mbia mzawa wa mji huohuo atakayemiliki nusu. Itakayoshindwa itafungwa, na mwenyewe atarudishwa kwao.

Watu wa Kidelelo walijadiliana kwa saa nzima ni wapi hasa watarudishwa. Kisha, kama waliokubaliana, wakageuka wote na kuanza kutembea kuelekea nyumbani kwa Yoramu.

Shangazi Sekela alikuwa bado dhaifu. Aliwakuta wamejipanga kutoka mlangoni hadi kwenye bomba la maji, kila mmoja na karatasi za kampuni yake. Alisaini zote. Ilichukua siku mbili, na alipomaliza alikuwa anamiliki nusu ya kampuni themanini na tatu, pamoja na nusu ya majeneza yote ya mji.

Yoramu alikuwa na furaha kubwa. "Shangazi, tumepona," alisema jioni hiyo. "Msamaha wa kodi bado una miaka saba na nusu."

"Tumepona nani?"

"Sisi sote."

"Mimi nilikaa siku nzima kwenye benchi la wageni, Yoramu. Gwakisa nusura akatwe vidole. Mkeo ameweka kengele ya shule chini ya kitanda." Alipumzika kidogo, maana maneno mengi bado yalimchosha. "Nataka mrudi kwenye daftari."

"Tukirudi tutalipa kodi."

"Mtalipa. Mimi nimelipa peke yangu karibu miaka miwili, nikatozwa na watu watatu, na niko hapa."

"Na wakitunyang'anya tena kiwanja?"

"Watajaribu. Mtakuwa wengi wa kukataa. Ulipokwenda kwa Ambokile ulikwenda peke yako, hukumwambia hata seremala." Akamtazama. "Mimi sikukulaumu. Nasema tu ulikwenda peke yako."

Yoramu alimtazama Tumpale ili amsaidie. Tumpale alikuwa ameinama anaitoa kengele chini ya kitanda, anaifuta vumbi kwa khanga yake.

*

Makao makuu yaligundua ndani ya mwezi mmoja kwamba mwekezaji mzawa mkubwa kuliko wote nchini ni bibi wa Pembezoni. Mheshimiwa Bupamba akaja. Jukwaa safari hii lilijengwa sokoni. Waziri alieleza jinsi wizara yake ilivyomtambua mama huyu na kumkuza hatua kwa hatua, kisha akamgeukia.

"Mama yetu, kile kipengele cha siku saba bado kipo. Ombi lolote halali la mwekezaji. Unataka ardhi? Trekta? Msamaha wa kodi?"

"Shikamoo yangu iko wapi?" aliuliza Shangazi Sekela.

Waziri, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka thelathini, akatahayari. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka watu wa hapa waandikwe tena kuwa watu wa hapa. Wote. Na shule ifunguliwe, na dawa ziletwe."

Waziri akamnong'oneza Ambokile, aliyesimama nyuma yake na jalada, kama ombi hilo ni halali. Ambokile alikuwa ameisoma sera nzima usiku na mchana kwa miaka yote hiyo, na kwa mara ya kwanza alijibu kwa sauti ambayo umati uliweza kuisikia.

"Ni halali, Mheshimiwa. Halikatazwi mahali popote. Hakuna aliyefikiria kulikataza."

Waziri alipima umati, akapima waandishi wa habari, akakubali. Na kwa kuwa wageni wote walihitaji mdhamini mzawa, na mzawa alikuwa mmoja, Shangazi Sekela akawekewa kiti kwenye ofisi ya uhamiaji kwa siku sita mfululizo.

"Unamfahamu huyu?" afisa aliuliza, Yoramu alipofika mbele.

"Namfahamu."

"Tangu lini?"

"Tangu alipotoka tumboni. Nilikuwepo."

"Ana tabia gani?"

Shangazi Sekela alifikiri. "Ana haraka. Lakini akielezwa anasikia."

Afisa akaandika kwamba mwombaji anasikia, akagonga muhuri, akamwita anayefuata. Wa mwisho kugongewa muhuri alikuwa mtoto mchanga wa Mama Atupele, aliyeelezwa kuwa mtulivu kupindukia. Muhula uliofuata Tumpale alipiga kengele mbele ya watoto sitini na wanne, na boksi la dawa lilikuja kwa lori. Yoramu alilipa kodi yake dirisha namba tatu, akanung'unika njia nzima hadi nyumbani, kama mwananchi mwingine yeyote.

Serikali nayo, kama nilivyokwambia, ilikuwa makini. Taarifa ya mwaka ilionyesha kwamba uwekezaji kutoka nje katika Kidelelo umeanguka kwa asilimia mia moja, na kwamba idadi ya wazawa imepanda, ndani ya miezi kumi na miwili, kutoka mtu mmoja hadi watu elfu nne mia mbili na sita. Wizara ya Uzazi Salama ilishtuka. Haikuwahi kuona ongezeko la namna hiyo popote duniani. Ikatuma mtaalamu na vipeperushi, kwa maelekezo ya kuanza na mzazi mhusika, na kwa kuwa daftari la mwaka uliotangulia lilikuwa na jina moja tu, mzazi mhusika alifahamika.

Mtaalamu alikuwa binti mpole, mwenye miwani. Alimkuta Shangazi Sekela kibarazani, akamwamkia, akaketi, akamfungulia picha zote moja baada ya nyingine, akamweleza faida za kupumzisha mwili kati ya mtoto na mtoto. Bibi alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, akamjazia karanga kwenye mkoba kwa ajili ya safari.

"Umesema vizuri, mwanangu," alimwambia. "Waambie huko nimesikia. Mwaka huu nitapumzika."